Tunzo Si Mshahara

Jumamosi moja jioni, katika mtaa wa Chemchem hapa Tabora, wazee watatu walikaa chini ya taa moja wakapiga muziki kwa muda wa saa tatu. Mmoja alishika gita la solo, wa pili besi, wa tatu alikaa nyuma ya dramu. Hapakuwa na tarumbeta wala saksafoni, hapakuwa na gita la rizimu, wala safu ya waimbaji waliovaa sare kama tulivyozoea kuona katika bendi za zamani. Walikuwa watu watatu tu, ambao umri wao ukijumlishwa wapita miaka mia mbili. Majina yao hatutayataja, kwa kuwa hawakututuma tuwasemee, na haya tunayoyasema hapa tunayasema kwa niaba yetu wenyewe.

Ndugu msomaji huenda akauliza muziki wa watu watatu wafaa nini. Twamjibu kwamba afike akasikilize. Katika bendi ya watu kumi na wawili, mtu mmoja akikosea kumi na mmoja wamfunika. Katika kikundi cha watu watatu hakuna pa kujificha. Gita lile lilibidi kuimba, kisha kujijibu lenyewe, na bado kukumbusha kwa nyuzi za juu mahali ambapo zamani tarumbeta ingeingia. Besi haikupumzika hata mara moja. Mzee wa dramu, ambaye mikono yake siku hizi haina nguvu ya kupiga kwa kishindo, aligonga taratibu kwenye ukingo wa ngoma, na kwa utaratibu ule kila pigo likapata nafasi yake. Walipopiga nyimbo za miaka ya 1960 na 1970 bila kuimba neno lolote, watu waliokaa kwenye mabenchi ndio waliotia maneno, mama mmoja akianza, wengine wakipokea. Na muziki ulipofika kwenye ile sehemu ya pili ya wimbo, ambapo maneno huisha na magita hushika usukani, sehemu ambayo wanamuziki wetu huiita chemko, hakubaki mtu kitini. Neno chemko na jina la mtaa wa Chemchem yametoka katika kitenzi kimoja, nasi hatudhani kama usiku ule palikuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa hivyo.

Dansi lilipokwisha ndipo tulipoona jambo lililotufanya tushike kalamu. Watu wawili watatu walikwenda mbele wakambandika mpiga gita noti kwenye paji la uso, kama ilivyo desturi. Mpiga besi, aliyesimama hatua moja nyuma, alipata noti moja. Mpiga dramu hakupata kitu, kwa sababu rahisi kabisa: mtu anayetaka kumtunza yampasa azunguke nyuma ya vyombo, na hakuna aliyezunguka. Wenye shughuli wakawapa wazee wali na soda, wakawaahidi nauli, wakawashukuru kwa maneno mazuri sana. Tulipomwuliza mmoja wa wenye shughuli walikuwa wamepatana kiasi gani, alitutazama kwa mshangao wa kweli. "Hatukupatana," akasema. "Hawa ni wazee wetu. Wametunzwa."

Mcheza kwao hutunzwa. Hatuna ugomvi na methali hiyo, nayo ni ya heshima. Lakini yafaa tukumbuke ilitoka wapi. Ilitoka katika ngoma ya kijiji, ambapo mchezaji alikuwa mkulima au mfugaji au mrina asali, naye baada ya kucheza alirudi kwenye ghala lake lenye mtama. Tunzo ilikuwa shukrani iliyowekwa juu ya riziki ambayo tayari ilikuwapo. Mtu ambaye riziki yake yenyewe ni gita, aliyeacha jembe akiwa kijana wa miaka ishirini ili ajifunze kazi ile, ukimpa tunzo bila ujira umempa kilemba ukamnyima kanzu. Twasema basi, na tunasema kwa sauti, kwamba methali nzuri imegeuzwa kuwa kisingizio cha kutolipa.

Tena imegeuzwa hivyo katika mji ambao ungepaswa kuwa wa mwisho kukosea jambo hili. Tabora ni mji uliojengwa na watu wa ujira. Kabla ya reli, kabla ya Wajerumani, mahali hapa palipoitwa Kazeh palikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Richard Burton alipofika hapa Novemba 1857 aliletwa na miguu na mabega ya wapagazi, kama wageni wote wa wakati ule. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakubeba pembe na vitambaa kwa kutunzwa. Walipatana ujira kabla ya safari kuanza, sehemu yake wakaipokea kwa nguo, na posho ilikuwa haki yao njia nzima. Tajiri aliyevunja mapatano aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wabebaji hawapo. Na mbele ya msafara, nyuma tu ya kirangozi, alikwenda mpiga ngoma. Huyo hakuwa pambo. Ngoma yake ndiyo iliyoamsha kambi, ikapanga mwendo na kutangaza kuwasili, naye alihesabiwa kuwa mmoja wa watu wa safari.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Pamoja na reli walikuja makarani, mafundi, askari na walimu, na watu wa namna hiyo hawakosi muziki. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake ngoma ya beni, yenye gwaride na vyeo vyake, ilienea katika miji ya bara kama ilivyoenea pwani, na Tabora haikubaki nyuma. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji lenye askari wa Kongo liliuteka mji huu. Nasi tusishangae kwamba tangu zamani masikio ya Tabora yamegeukia magharibi sawa na yanavyogeukia pwani. Kuanzia miaka ya 1930 zikaja santuri za Kuba zilizouzwa pote Afrika, na gita likashika mahali pa vyombo vya gwaride.

Hapo ndipo lilipoingia neno jazi. Mmarekani akisikia neno hilo hufikiria muziki wa New Orleans na Chicago. Sisi tulilichukua tukalipa kazi nyingine: bendi yoyote ya dansi yenye magita ikawa jazi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Hapa Tabora miaka ya 1950 ilimwona Salim Zahoro na vijana wake wa Kiko Kids, kisha wakavuma Tabora Jazz kwa mtindo wao wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz nao wakawa na wapenzi wao. Hata huko Dar es Salaam, Western Jazz iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende ilichukua jina lake kutoka Jimbo la Magharibi, yaani kutoka kwetu, ikavuma kwa mtindo wa Saboso. Wako wataalamu wanaotuambia kwamba tulikosea kutumia neno lile. Hatuoni kosa. Mtu akiwasikiliza wale wazee watatu wa Chemchem, jinsi kila mmoja anavyosikiliza mwenzake na kumjibu papo hapo jambo ambalo halikuandikwa popote, ataona kwamba jina halikupotea sana njiani.

Sasa tuje kwenye kazi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko wengi wanavyokumbuka. Mpiga gita aliandikwa kazini, akapokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani au fundi wa reli. Bendi hiyo imepita katika majina ya JUWATA na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma. Wengine wakafuata njia hiyo: Polisi walikuwa na bendi, Jeshi na Magereza pia, Umoja wa Vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam ikawa DDC Mlimani Park. Kwa miaka kadhaa nchi hii ilikuwa na jambo ambalo nchi nyingi hazikuwa nalo, yaani wapiga muziki wa dansi wenye namba ya kazi.

Lakini hata mpango ule ulikuwa na tundu, na maji yalivujia hapo. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, awe shirika au tajiri. Mpigaji aliyehama bendi alihama na vidole vyake tu. Gita alilolipiga miaka kumi, ambalo alilijua kila mkwaruzo, lilibaki ukutani likimngoja mwingine. Bendi ikifa, vyombo vilifungiwa stoo au viliuzwa, na mtu wa miaka hamsini akajikuta fundi asiye na msumeno. Kwa bendi za watu binafsi hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa huko hata namba ya kazi haikuwapo. Mwenye kutaka kujua kwa nini leo twaona wapigaji watatu mahali ambapo palikuwa na kumi na wawili, asiseme ni kwa sababu muziki umekwisha. Wengine wamefariki, ndiyo. Wengine wako hai na wanaujua muziki wote, ila hawana chombo.

Na santuri je? Katika miaka ile Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, na bendi iliyotaka kutoa sahani iliutazama mji wa Nairobi. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Muda huo wote sehemu kubwa ya muziki wetu wa dansi ilibaki katika kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam. Kanda hizo zimetunza hazina ya taifa, na hatuna budi kuwashukuru mafundi mitambo waliozirekodi. Hata hivyo hazina hiyo haikuwa na mfereji wa kumrudishia mpigaji kitu kila wimbo wake ulipochezwa. Marijani Rajab, ambaye taifa zima lilimwita Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995, na katika miaka yake ya mwisho aliishi kwa kuuza kanda. Shem Karenga, mtu wa Tabora Jazz, mwenye wimbo wa Dada Asha unaopigwa mpaka leo katika harusi ambazo maarusi wake hawakuwa wamezaliwa alipoutunga, alifariki mwaka 2014. Wimbo ungali ukizunguka.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA. Twaomba msomaji asimame kidogo kwenye neno hilo la pili, hakishiriki, kwa maana wengi hulipita. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki yamgusa hata yule aliyepiga, ambaye hakutunga neno wala sauti: mpiga besi wetu aliyesimama hatua moja nyuma, na mpiga dramu ambaye hakuna aliyezunguka kumfikia. Sheria imemwona mtu ambaye mkono wenye noti haukumwona. Linalobaki ni mtu huyo kuijua, kujiandikisha, na kuthibitisha kwamba mnamo mwaka fulani katika kanda fulani ndiye aliyepiga. Kwa mzee wa Chemchem hilo ni jambo zito. Makaratasi hana. Mashahidi wake wengi wamezikwa.

Wafanyakazi wa nchi nyingine wamewahi kulipambanisha jambo hili, na mfano wao wafaa kusikiwa. Agosti 1, 1942, chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya rais wake James Petrillo, kiliwakataza wanachama wake kurekodi. Hoja yao ilikuwa kwamba santuri walizozitengeneza wenyewe ndizo zilizokuwa zikiwaondoa kazini katika mahoteli na vituo vya redio. Makampuni yalicheka, yakawarekodi waimbaji na kwaya bila ala yoyote, kwa kuwa waimbaji hawakuwa wanachama. Kicheko hicho hakikudumu. Kampuni ya Decca ilisalimu amri mwaka 1943, Victor na Columbia zikafuata Novemba 1944. Mapatano yalikuwa kwamba kwa kila santuri inayouzwa kiasi kidogo kiingie katika mfuko wa chama, na fedha hizo ziwalipe wanamuziki wapige bure kwa umma, katika shule, hospitali na bustani. Tazama mpango huo ulivyo: msikilizaji halipi, lakini mpigaji analipwa. Hakuna aliyemwambia kwamba ametunzwa.

Tunajua tutakayojibiwa. Tutaambiwa kwamba vijana wa leo wana muziki wao, na kwamba kijana mmoja mwenye mashine na vipaza sauti viwili huchezesha harusi nzima kwa bei ndogo. Hatuna chuki na kijana huyo. Naye ni mfanyakazi, tena, ajabu ilioje, yeye hupatana bei kabla ya kuja, hudai malipo ya awali, na hupewa. Kwa nini basi mwenye mashine alipwe kwa mapatano na mwenye gita apewe wali? Jibu tulilolipata kila tulipouliza ni kwamba mzee huyu ni wetu. Uzee wake na undugu wake ndivyo vinavyomgharimu.

Wala hatutawapaka wazee mafuta. Nao wana makosa yao. Wengi wao wamekuwa wachoyo wa ujuzi. Tumewahi kuona mpigaji mashuhuri akiwapa watu mgongo kila alipofika kwenye kifungu chake kitamu, ili kijana aliyekaa mbele asione vidole. Wengine huona haya kutaja bei, wakidhani kwamba kutaja bei ni kushuka cheo, kisha hunung'unika nyumbani. Kunung'unika nyumbani hakujapata kumpandishia mtu yeyote mshahara, wanachama wa vyama vya wafanyakazi wajua hivyo kuliko sisi. Na wako walioshindwa kugawana. Watatu hawa wa Chemchem, tuliambiwa, huweka noti zote za tunzo katika kofia moja na kuzigawa sawasawa kwa tatu. Usiku ule walifanya hivyo mbele yetu, bila maneno, mpiga gita akitoa kwenye mfuko wa shati fedha ambazo kila mtu alimwona akipewa yeye. Hesabu haikugawanyika sawa, na iliyobaki alipewa mwenye dramu kwa kuwa ana mzigo mkubwa wa kuchukua.

Tunayoyataka si makubwa. Tawi la chama cha wafanyakazi litakapoandaa sherehe ya Mei Mosi, na kamati ya harusi itakapokutana, wazee hawa waitwe, na waitwe kwa karatasi: saa ngapi wataanza, saa ngapi watamaliza, watalipwa kiasi gani kila mmoja, na nani ataleta vyombo. Malipo yawe sawa kwa mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Baada ya hapo anayetaka kubandika noti na abandike, itakuwa tunzo kweli. Halmashauri yenye ukumbi unaokaa mtupu siku za wiki iufungue kwa mazoezi, na kila mzee mmoja akae na vijana wawili, alipwe kwa kufundisha kama anavyolipwa fundi seremala. Bagamoyo, kwenye mwisho wa ile njia ya misafara, kuna taasisi ya sanaa yenye wanafunzi wa muziki. Kwa siku nyingi barabara ile ilipitisha mizigo kwenda pwani. Sasa na ipitishe wanafunzi wachache kuja bara, wakae na besi ile mwezi mmoja. Na wenye kazi ya kuhifadhi kanda za redio wawakalishe wazee mbele ya mitambo wakiwa hai, wasikilize, waseme nani alipiga nini, na yaandikwe. Kazi hiyo haingoji bajeti ya miaka mitano ijayo.

Tulikuwapo mpaka mwisho Jumamosi ile. Watu walipokwisha kutawanyika, mpiga besi alifuta nyuzi kwa kitambaa, akalifunga gita lile katika kanga kuukuu, akaomba pikipiki isichelewe. Tulimwuliza haraka ya nini, na usiku ungali mchanga. Akasema besi si lake, ameliazima kwa kijana mmoja wa mtaa wa pili anayelipigia kanisani, na amemwahidi kulirudisha kabla ya saa tano. Ilikuwa saa nne na nusu. Nauli aliyoahidiwa ilikuwa bado haijafika, naye akalipa mwenyewe kutoka katika theluthi yake.